Ndugu Mkorofi wa Nyanya

Ardhi yetu ya Nyanza-Lac, huku Burundi, haina choyo. Tema mbegu ya papai ukiwa njiani kwenda ziwani, rudi baada ya mvua mbili tatu, utakuta mche umesimama. Joto la ukanda wa Imbo halikatiki, mito inashuka na udongo wa milimani, na Ziwa Tanganyika lipo karibu. Ndiyo maana michikichi imeshamiri kutoka hapa mpaka Rumonge, na mihogo, na migomba, na nyanya. Lakini ardhi isiyo na choyo haimuulizi mgeni ametoka wapi wala amebeba nini. Inayolea nyanya ndiyo inayolea mnanaha, gugu la sumu. Leo, wajukuu zangu, tutazunguka bustani moja ya kawaida ya huku kwetu. Tutaanza kwenye uzio, tupite jalalani, tuingie kwenye matuta ya mboga, tumalizie kwenye kijia cha kuteremkia ziwani. Chakula mnakijua tayari, kwa hiyo nitawaonyesha majirani zake.

Kwanza tukubaliane kuhusu majina. Hapa kwetu mmea mmoja una majina mengi. Kirundi kina lake, Kiswahili cha sokoni kina lake, na familia zilizoishi miaka mingi kwenye kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Mtabila, kule Kigoma, zilirudi na mengine. Rafiki yako anaweza kukutajia jina la mmea mbaya, kumbe kwenu jina hilo ni la mboga. Kwa hiyo mimi naanza na umbo: jani, shina, ua, tunda, mbegu, harufu. Ukiona alama tatu nne zinazokubaliana, hapo unaujua mmea. Ukiona moja tu, bado unabahatisha, na mkono wako ukae mfukoni.

Haya, uzio. Nyumba nyingi za ukanda huu zimezungushiwa mnyaa, ambao Warundi huuita umunyari: vijiti vya kijani, vya mviringo, vinene kama penseli, vimeota juu ya vijiti vingine, na majani madogo yanayoanguka mapema hata huyaoni. Wazee waliupenda kwa sababu mbuzi hawauli, kiangazi hakiuui, na tawi ukilichomeka ardhini linashika lenyewe. Sasa vunja kijiti kimoja. Hapana, msivunje, nawaeleza tu! Mngekivunja mngeona utomvu mweupe, mweupe kama maziwa, ukichuruzika mara moja. Huo ndio ulinzi wa mmea. Ukikaa kwenye ngozi unawasha na kuivimbisha, hata kutoa malengelenge. Ukiingia jichoni, maumivu yake hayasimuliki: jicho linavimba, linafumba, na mtu anaweza kukaa siku kadhaa bila kuona vizuri. Asipotibiwa, anaweza kuharibikiwa kabisa.

Kwa hiyo kuupunguza uzio wa mnyaa ni kazi ya mtu mzima. Avae mikono mirefu na miwani, hata miwani ya jua ya sokoni ni afadhali kuliko macho matupu, na asikate tawi lililo juu ya kichwa chake, maana utomvu hudondoka. Watoto wakae mbali mpaka vijiti vimezolewa. Utomvu ukiruka jichoni, kuna watu watakaokuja mbio na dawa za kila aina, huyu na majani, yule na mafuta. Wewe tia maji safi tu, mengi, yakitiririka juu ya jicho lililofumbuliwa kwa dakika 15 au zaidi, kisha mwende kituo cha afya hata kama maumivu yametulia.

Katikati ya mnyaa mara nyingi utakuta mti mwingine, mbono kaburi, wenye majani mapana na matunda ya mviringo ya kijani yanayogeuka manjano, halafu meusi. Ndani mna mbegu nyeusi, kwa kawaida tatu. Asili yake ni Amerika ya kitropiki, na Afrika ulienezwa kwa ajili ya uzio na mafuta ya kuwashia taa. Huu nauogopa kwa sababu ya kipekee: mbegu yake ni tamu. Mmezoea kuambiwa kwamba sumu ni chungu, kwamba ulimi utakuonya. Mbono kaburi unakanusha hilo. Kiini chake cheupe kina ladha iliyo karibu na karanga, kwa hiyo mtoto anayeonja moja huwaita wenzake. Ndiyo maana katika nchi nyingi wanaoupata ugonjwa wake hufikishwa hospitalini wakiwa kundi zima: tumbo linakata, wanatapika, wanaharisha, wanaishiwa nguvu. Karanga hazioti juu ya mti. Likumbukeni hilo na mtakuwa mmeshaepuka mengi.

Sasa jalalani, na hapa tutakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo anapoishi mhusika mkuu wa hadithi yetu.

Mnanaha hupenda mahali palipochimbuliwa na penye mbolea: kando ya zizi, kwenye shamba lililolimwa likaachwa, kwenye kingo za mito baada ya mafuriko, maana mbegu zake husafiri na maji. Baada ya mafuriko kama yale ya mwaka 2024 yaliyoingia mitaani Rumonge, mtu mwenye bustani karibu na ziwa anafaa akague udongo wake kabla ya kupanda. Mmea wenyewe hufika kiunoni mwa mtu mzima, wakati mwingine kifuani. Shina ni nene, laini, la kijani au la zambarau, na hugawanyika matawi mawili mawili kama manati. Majani ni makubwa, yana meno makubwa yasiyolingana pembeni. Ua ni refu, lina umbo la tarumbeta, jeupe au la zambarau hafifu, na hufunguka jioni. Tunda ndilo linalomaliza ubishi: ukubwa wa yai dogo, limejaa miiba, limesimama wima, na likikauka hupasuka pande nne na kumwaga mbegu nyingi, bapa, nyeusi au za kahawia, zenye umbo la figo. Ukisugua jani lake, harufu inakera pua.

Mnashangaa nikiwaambia kwamba huyu ni ndugu wa nyanya? Ni ukoo mmoja kabisa. Nyanya, biringanya, pilipili, viazi ulaya, tumbaku, mnavu na mnanaha, wote wametoka nyumba moja. Ndiyo maana mche wa mnanaha ukiwa mdogo unaweza kumdanganya mtu anayepalilia biringanya. Ukoo huu wote una kawaida ya kutengeneza sumu za kujilinda, ila wengine tumewalima miaka mingi mpaka wakapoa, na mnanaha hakuna aliyempooza. Kuanzia mzizi hadi mbegu, kila kiungo chake kina sumu, na zilizo kali zaidi zimo kwenye mbegu. Moja ya sumu hizo inaitwa atropini. Madaktari wa macho huitumia kwa matone madogo ili kupanua mboni na kuchungulia ndani ya jicho. Tone lililopimwa ni dawa. Kiganja cha mbegu ni jambo jingine.

Sikilizeni kisa. Mwaka 1676, huko Virginia, wakati ule ikiwa koloni la Waingereza, wanajeshi walipelekwa mji wa Jamestown kuzima uasi. Wakachuma majani machanga ya mmea huu, wakayapika kama mboga. Robert Beverley, aliyeandika historia ya Virginia mwaka 1705, anasimulia yaliyofuata. Mmoja alikuwa akipuliza unyoya hewani. Mwingine akiurushia nyasi kwa hasira kana kwamba ni adui. Mwingine ameketi pembeni akikenua meno kama nyani. Iliwabidi wenzao wawafungie ndani wasije wakajidhuru. Baada ya siku 11 walirudiwa na akili, na hawakukumbuka hata moja. Mnacheka, na mimi hucheka nikifika hapo. Lakini wale walikuwa watu wazima wenye miili ya kiaskari, na walikuwa na wenzao wa kuwalinda. Mtoto mdogo aliyekula kiasi kilekile hatapuliza unyoya.

Kisa cha pili hakichekeshi, na ni cha juzi tu. Machi 2019, katika eneo la Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, watu walianza kuchanganyikiwa, kuona vitu visivyokuwepo, kuwa wekundu na kukauka midomo. Karibu watu 300 waliugua na watano walifariki. Walikuwa wamekunywa uji wa unga wa mahindi na soya, chakula cha msaada kilichogawiwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Wachunguzi walipoupima unga ule walikuta sumu zilezile za mnanaha na jamaa zake. Magugu hayo huota ndani ya mashamba. Mazao yakivunwa, mbegu zao huvunwa nayo, na zisipochambuliwa husagwa pamoja na nafaka. Na uji ulikuwa umechemshwa, lakini kuchemsha hakuiondoi sumu hii.

Ninawasimulia hicho kwa sababu watu wakisikia neno sumu hufikiria mtu mbaya anayetia kitu kwenye kikombe. Mmea wa sumu haufanyi hivyo. Mara nyingi unatufikia kwa njia mbili tu: ama umefanana na chakula, ama umechanganyika nacho. Hata Australia, Desemba 2022, watu wengi walihisi kizunguzungu na kuona mazingaombwe baada ya kula spinachi ya pakiti kutoka dukani, kumbe mnanaha ulikuwa umeota katikati ya spinachi shambani ukakatwa nayo. Mashine haikutofautisha jani na jani. Bibi yako anayechambua maharagwe kwenye ungo, akitupa kila punje asiyoitambua, anafanya kazi ambayo mashine ile ilishindwa.

Ipo njia ya tatu, ndogo lakini ya ajabu. Unang'oa mnanaha kwa mikono mitupu, jasho linakuingia, unafikicha jicho. Baada ya muda unatazama kitabu huoni maandishi, na wenzako wanakuambia jicho lako moja lina mboni kubwa kuliko jingine. Ni ile atropini. Wakulima wa mahindi Marekani waliugua hivyo mara nyingi wakati wa kuvuna. Hutulia baada ya siku kadhaa, lakini mnajua sasa kwa nini nasisitiza sabuni.

Mlimani kuna binamu wa mnanaha anayepandwa kwa uzuri, mti wenye maua makubwa yanayoning'inia yakitazama chini. Nao una sumu ileile. Tusimame hapo kuhusu huo.

Hapohapo jalalani haukosekani mnyonyo. Mnaujua: majani makubwa yaliyogawanyika kama vidole vya mkono, matunda yenye miiba laini, mbegu zinazong'aa zenye madoa zinazofanana na kupe aliyeshiba. Kirundi huuita ikibonobono. Huu si mgeni. Ni wa Afrika hasa, upande wa kaskazini mashariki. Mafuta yake, mafuta ya nyonyo, yanauzwa madukani na hayana ile sumu, kwa sababu sumu hubaki kwenye makapi na joto huiharibu. Mbegu mbichi ni habari nyingine. Sumu yake inaitwa risini. Mwaka 1978, mjini London, mwandishi mmoja kutoka Bulgaria, Georgi Markov, alikuwa akisubiri basi karibu na daraja la Waterloo. Akahisi kitu kimemchoma pajani. Akageuka, akamwona mtu akiokota mwavuli. Siku nne baadaye, tarehe 11 Septemba, Markov alifariki. Ndani ya paja lake madaktari walikuta kipande cha chuma kidogo kuliko kichwa cha kiberiti, na wachunguzi waliamua kwamba kilikuwa kimebeba risini. Kiasi kile kilikuwa kidogo mno.

Msiingiwe na hofu mpaka mkaukimbia kila mnyonyo. Ukipita kando yake hauwezi kukurukia. Ila mbegu zake zisiwe kete za bao. Zisitobolewe kuwa shanga. Zisiwekwe kwenye kopo la kuchezea mtoto anayetambaa. Na makapi yake yasipewe mbuzi wala kuku. Vivyo hivyo mbegu nyekundu zenye jicho jeusi za mtipitipi, ule mtambaazi mwembamba: zinapendeza sana, watu huzitunga shangani, na ndani yake mna sumu iliyo jamaa ya risini. Gamba lake gumu linaificha, lakini ukilitoboa kwa sindano umeifungulia mlango.

Twende kwenye mboga. Hapa ndipo macho yanapohitajika kuliko popote, kwa sababu mnavu, mboga nzuri, huota pamoja na mnanaha mdogo. Wekeni miche hii miwili sambamba akilini. Jani la mnavu ni dogo na laini, kingo zake zimenyooka au zina mawimbi kidogo tu. La mnanaha lina meno makubwa na linakua haraka. Ua la mnavu ni nyota ndogo nyeupe yenye kitovu cha manjano, na maua hukaa vikundi. La mnanaha ni tarumbeta moja. Tunda la mnavu ni duara dogo laini. La mnanaha lina miiba. Shida ni kwamba mboga huchumwa kabla ya ua na tunda kutokea, kwa hiyo unabaki na jani na harufu peke yake. Ushauri wangu ni huu: chuma mnavu pale ulipoupanda mwenyewe au ulipouona ukichanua msimu uliopita. Kapu la majani machanga yaliyookotwa jalalani jioni, giza likiingia, silitaki jikoni kwangu. Na hata mnavu wenyewe, yale matunda mabichi ya kijani hayaliwi.

Msisahau kwamba baadhi ya vyakula vyetu vya kila siku navyo vina ukali wake. Amateke, yaani magimbi, yakiwa mabichi yanawasha mdomo na koo, kwa kuwa ndani yake kuna vijisindano vidogo mno vya chumvichumvi, ndiyo maana tunayapika sana. Mihogo michungu tunailoweka siku kadhaa, tunaianika, ndipo tunasaga unga wa ugali. Bila hivyo ina sianidi, na sombe, yaani majani ya mihogo, pia hutwangwa na kuchemshwa muda mrefu kwa sababu hiyohiyo. Kiazi ulaya kilichokaa juani kikawa kijani kinatupwa. Wazee wa pwani hii wamekuwa wakishughulika na sumu kila siku jikoni, bila kelele.

Tukishuka kijia cha kwenda ziwani, jihadharini na upupu. Ni mtambaazi wenye maganda ya maharagwe yaliyofunikwa manyoya ya dhahabu, mazuri kutazama. Upepo ukiyapeperusha, au ukiyagusa, utajikuna mpaka machozi yatoke. Usisugue, maana kusugua kunazidi kuyachimbia ngozini. Gandisha utepe wa gundi na kuubandua, au tumia donge la ugali uliopoa kuyanasa, kisha oga kwa maji mengi na badilisha nguo.

Karibu na ufukwe, au kwenye kona ya shamba, mnaweza kuona utupa: kichaka chenye vijani vidogo vilivyopangwa kwenye kikonyo kimoja pande mbili, maua meupe au ya zambarau, maganda yenye manyoya laini. Wakulima hupanda utupa kufukuza fuko, na majani yake husaidia kuzuia wadudu kwenye nafaka. Hilo ni jema. Lakini majani hayohayo yakitwangwa na kutiwa majini huwazuia samaki wasipumue, wakaelea, na zamani watu walivua hivyo katika vijito. Sumu haichagui samaki mkubwa na kifaranga, na maji yanayonyweshwa sumu ndiyo tunayochota. Sheria za uvuvi zinakataza, na mimi ningekataza hata kama zisingekuwepo. Ziwa linalotupa ndagala na mukeke halistahili kutendewa hivyo.

Sasa tushike jembe. Msiwe na haraka.

Siku nzuri ya kung'oa ni asubuhi baada ya mvua, udongo ukiwa laini, kwa sababu mzizi hutoka wote. Msimu mzuri ni kabla ya ua kufunguka. Mnanaha mmoja uliokomaa hubeba matunda mengi, kila tunda mbegu mamia, na mbegu hizo zinaweza kulala ardhini zaidi ya miaka 30 zikiwa hai. Kung'oa mche mmoja leo kunawaokoa wajukuu wenu kazi nyingi. Vaa glavu. Kama hamna glavu, vaa mfuko wa plastiki kila mkono na uufunge kwa kamba kwenye kifundo. Mikono mirefu, suruali, viatu vilivyofunika vidole. Usile, usitafune muwa, usijifute uso. Mtoto wa chini ya umri wa kwenda shule asishiriki, atumwe maji ya kunywa, nayo ni kazi ya heshima.

Mmea usio na mbegu unaweza kuachwa ukauke juani, lakini mahali ambapo mbuzi hafiki. Ukiwa mbichi, mbuzi huuepuka kwa harufu. Ukikauka harufu hupungua, sumu haipungui, na ukichanganyika na majani makavu ataula. Ulio na matunda hauanikwi na hauingii kwenye lundo la mbolea. Kata matunda kwa uangalifu, yatie ndani ya gunia bovu, lifunge, na mtu mzima alitupe kwenye shimo refu la choo kisichotumika au alizike kina cha kiuno. Usichome moto. Moshi wa mnanaha unabeba sumu, na moshi wa mnyaa unachoma macho. Najua kuchoma ni rahisi na jioni huwa na raha yake, ila kwa mimea hii hapana.

Majani ya lantana yenye maua ya rangi mchanganyiko, vile vichaka vinavyofunga njia, yang'olewe kabla ya ng'ombe kuyazoea. Yakiliwa sana huharibu ini, na ngozi ya mnyama huanza kubabuka juani. Na mkienda kutembelea ndugu Arusha, mtasikia kuhusu gugu karoti, lililoonekana huko mwaka 2010: jani kama la karoti, maua meupe madogo. Kulishika mara kwa mara bila glavu huleta mwasho wa ngozi unaokaa muda mrefu. Likifika kwenu mtakuwa mmeshalijua.

Kazi ikiisha, vua glavu kwa kuzigeuza ndani nje, osha jembe na panga, kisha mikono hadi viwiko kwa sabuni, kisha uso. Kwa mpangilio huo. Nguo zilizotumika zifuliwe peke yake.

Na ikitokea mtu amekula? Mtoe mabaki mdomoni kwa kitambaa, asukutue na kutema. Msimlazimishe kutapika, maana kinachochoma kikishuka huchoma tena kikipanda. Msimpe maziwa wala mafuta kwa sababu jirani kasema. Ikiwa ni mnanaha, atakuwa mwekundu, mkavu mdomoni, mwenye joto, moyo unakwenda mbio, anaongea na watu wasiokuwepo. Asiachwe peke yake hata kidogo, hasa huku kwetu ambako ziwa liko hatua chache, na mtu aliyechanganyikiwa huenda akaingia majini. Msingoje kuona kama atapona. Mpelekeni kituo cha afya au hospitali mara moja, mmoja wenu akibeba tawi la mmea wenyewe, pamoja na tunda kama lipo, ndani ya mfuko uliofungwa. Muuguzi atauliza mambo manne: amekula nini, kiasi gani, saa ngapi, na ana umri gani. Anayejua majibu hayo aingie naye ndani, hata kama ndiye mdogo kuliko wote waliokuwepo.